Pumzi Imefika, Mifupa Iko Njiani



Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida aliingia uwanjani akiwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros. Marathoni ya dunia ilikuwa imebakiza mita chache. Simbu akamfikia Petros kwenye mstari wenyewe wa kumalizia, na wote wawili wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi picha iamue. Picha ikasema Simbu, kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde moja. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha, mashindano yaliyoanza mwaka 1983.

Nchi ikishinda, watu hutafuta raba. Hilo ni jambo jema na mimi silipingi hata kidogo. Lakini kabla hujafunga kamba, zitazame namba nyingine za Simbu, zile ambazo hazipigiwi vigelegele. Mwaka 2016 kwenye Olimpiki ya Rio alikuwa wa tano. Mwaka 2017 kwenye mashindano ya dunia ya London akachukua shaba. Kutoka ile shaba hadi dhahabu ya Tokyo ni miaka 8, na huyo ni mtu ambaye kukimbia ndiyo kazi yake.

Sasa tujitazame sisi. Mtu hajakimbia tangu mchakamchaka wa shule ya msingi. Anaona tangazo la mbio, anapenda fulana, anapenda medali, analipia kilomita 21, na muda uliobaki ni wiki nane. Wiki ya kwanza anahema mpaka majirani wanamwonea huruma. Wiki ya tatu pumzi imefunguka. Wiki ya tano anajiona Simbu. Wiki ya sita anachechemea kwenda kituo cha daladala, na ukimuuliza kilichompata hana jibu, maana hakuanguka, hakuteguka, hakukanyaga shimo. Ugoko tu umeanza kuuma.

Watu hawa ni wengi, na hadithi yao ni moja. Wiki iliyowaumiza ni ile waliyojisikia vizuri kuliko zote. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa kwa wanaoanza kukimbia unawaonya dhidi ya uchovu, wakati hatari yenyewe huja siku uchovu unapoondoka.

Viungo vya mwili havizoei kazi mpya kwa mwendo mmoja. Moyo na damu ndio wepesi. Katika wiki ya kwanza au ya pili tu, majimaji ya damu huongezeka, na moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Misuli nayo huota vishipa vidogo vya damu na kujifunza kuitumia oksijeni vizuri zaidi, kazi ya wiki chache. Ndiyo maana kile kilima cha mtaani kwenu kilichokutoa ulimi mwanzoni mwa mwezi, mwisho wa mwezi unakipanda huku unapiga soga.

Kano na mifupa ni habari nyingine. Kano, ile mishipa migumu inayoshika msuli kwenye mfupa, kama ile nene iliyo juu ya kisigino, hupata damu kidogo, na kitu kinachopata damu kidogo hujijenga kwa miezi. Mfupa una mambo yake zaidi. Wengi wetu tunaudhani ni kitu kilichokufa, kwa kuwa tunauona buchani. Ukiwa mwilini, mfupa uko hai, na ukiutwisha mzigo mpya jambo la kwanza unalofanya ni kujibomoa. Kuna chembe zinazokula mfupa wa zamani pale palipochoka, na nyuma yake huja chembe nyingine kuweka mfupa mpya. Zile za kubomoa hufanya kazi yake kwa wiki mbili, tatu hivi. Zile za kujenga huhitaji takribani miezi mitatu.

Piga hesabu mwenyewe. Kuna kipindi hapo katikati, mwezi wa kwanza ukielekea wa pili, ambapo mfupa wa ugoko wako au ile mifupa membamba ya unyayo ni dhaifu kidogo kuliko siku uliyoanza mazoezi. Na hicho hicho ndicho kipindi ambacho pumzi imefunguka na unataka kuongeza mbio. Waliojenga nyumba watanielewa: zege la jamvi limeonekana kukauka juu, na mwenye nyumba asiye na subira anamlazimisha fundi apandishe tofali.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1855 daktari mmoja wa jeshi la Prussia, dola iliyokuja kuwa sehemu kubwa ya Ujerumani, jina lake Breithaupt, aliandika habari za askari waliovimba miguu na kuumwa nyayo baada ya safari ndefu za kutembea. Sababu hakuiona, na asingeweza kuiona, kwa kuwa miale ya eksirei iligunduliwa mwaka 1895. Ilipopatikana, madaktari waliona nyufa kwenye mifupa ya nyayo za askari kama wale. Hawa walikuwa vijana wenye afya, waliochaguliwa kwa afya hiyo. Hakuna aliyewapiga wala kuwaangusha. Walitembea tu, safari ndefu mno, mapema mno. Hadi leo majeshi ya dunia yanajua kwamba kuruta huumia zaidi katika wiki za mwanzo, na anayeumia zaidi ni yule aliyekuja kambini bila mazoea.

Utaniambia, mbona Wakenya wa Iten na Kaptagat wanakimbia kilomita 200 kwa wiki na zaidi? Ni kweli wanakimbia. Mtazame Eliud Kipchoge wa Kaptagat. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 kule Paris mwaka 2003, akiwa na miaka 18. Marathoni yake ya kwanza aliikimbia Hamburg mwaka 2013. Kati ya hapo kuna miaka 10 ya mafunzo mfululizo chini ya kocha mmoja, Patrick Sang, ambaye mwenyewe ana medali ya fedha ya Olimpiki ya Barcelona ya 1992 katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Na nyuma ya miaka hiyo kuna utoto wa kutembea na kukimbia kwenye barabara za vumbi, kwenda shule na kurudi. Mifupa ile ilianza kujengwa kabla kocha yeyote hajaiona. Anayeiga kilomita 200 za Kaptagat huku utoto wake ulipita kwenye basi la shule anaiga paa la nyumba na kuacha msingi.

Kuna jambo jingine la Iten na Kaptagat ambalo wageni hulishangaa wanapofika. Wale mabingwa, siku ambayo si ya kazi ngumu, huondoka nyumbani kwa mwendo wa pole sana, karibu wa kutembea, na huongeza kidogo kidogo mwili unavyopata joto. Kipchoge alikimbia Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, ambayo ni dakika 2 na sekunde 52 hivi kwa kila kilomita. Huwezi kumfuata hata mita 400. Lakini asubuhi ya siku nyepesi, anapoanza, ungemfuata. Wao hawaoni aibu kwenda pole. Sisi tunaona aibu, hasa tukipita mbele ya watu.

Na ajabu ni kwamba dawa ya aibu hiyo tunayo wenyewe, tangu shuleni na tangu Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Mchakamchaka! Kiongozi anaanzisha wimbo, kundi linaitikia, na miguu inafuata wimbo. Makocha wa Ulaya na Marekani huwaambia wanafunzi wao wakimbie kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Sisi tulikuwa tunaimba beti nzima. Anayeimba hawezi kukimbia kupita uwezo wake, kwa sababu pumzi ya kufanyia hivyo imetumika kwenye wimbo. Ukiwa peke yako na unaona haya kuimba barabarani, simulia jambo kwa sauti ndogo. Sentensi ikikatika katikati, punguza mwendo.

Sasa tuje kwenye swali ambalo kila mtu huuliza: niongeze kiasi gani?

Jibu linalozunguka kila mahali ni asilimia 10. Ukikimbia kilomita 10 wiki hii, wiki ijayo kimbia 11. Ni jibu zuri kwa masikio, lakini lilipopimwa halikung'ara. Kule Groningen, Uholanzi, watafiti waliwachukua watu 532 waliokuwa wanaanza kukimbia. Kundi moja likapewa programu ya wiki 13 inayopanda taratibu kwa mtindo huo wa asilimia 10, jingine likapewa programu ya kawaida ya wiki 8. Matokeo yakatoka mwaka 2008: katika kila kundi, mtu mmoja kati ya watano aliumia. Tofauti haikuwapo. Wenye haraka walishangilia wakisema, basi pole pole haina faida. Mimi naliona hivi: jedwali lililochapishwa kwenye karatasi halimjui mtu analala saa ngapi, ana uzito gani, aliwahi kuumia wapi.

Utafiti wa karibuni zaidi, uliotoka Denmark mwaka 2025, naona umegusa penyewe. Walifuatiliwa wakimbiaji zaidi ya 5,000 kwa kutumia saa zao za mkononi. Ikaonekana kwamba kilichokwenda sambamba na kuumia ni ile safari moja ya kukimbia inayopita kwa zaidi ya asilimia 10 safari ndefu kuliko zote uliyoikimbia ndani ya siku 30 zilizotangulia. Jumla ya wiki haikutoa onyo kama hilo. Waliofanya mara mbili ya walichozoea, uwezekano wao wa kuumia ulipanda zaidi ya maradufu.

Ukiyasikia hayo, unaiona Jumapili ya Dar es Salaam waziwazi. Klabu zetu za jogging ni kitu cha kujivunia. Zina fulana zake, zina gari la muziki mbele, zinachangiana kwenye misiba na harusi, na zimewatoa watu wengi vijiweni. Lakini mwanachama wa kawaida hukaa ofisini au dukani Jumatatu hadi Jumamosi bila kukimbia hata mita 100, kisha Jumapili anakwenda na kundi, muziki unapiga, hakuna anayetaka kuonekana amebaki nyuma, na anajikuta amekimbia kilomita 14. Ile ni safari moja iliyopita kila alichozoea, na anairudia kila wiki. Nawaomba viongozi wa klabu mnaonisikiliza, wekeni mahali pa kugeuzia wageni. Kilomita mbili, mgeni anageuka na mwenzake mzoefu, wanarudi kusubiri chai na kundi. Mtakuwa mmewaokoa wengi, na hamtakuwa mmepunguza raha hata kidogo.

Kwa anayeanza kabisa, njia ninayoiamini ni ya kuchanganya kukimbia na kutembea. Mmarekani mmoja, Josh Clark, alitunga programu ya namna hiyo mwaka 1996, akimfikiria na mama yake mzazi. Katika wiki ya kwanza unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia kwa dakika 20, siku tatu kwa wiki. Baada ya wiki 9 unakimbia kilomita 5 au nusu saa bila kusimama. Huna saa? Tumia nguzo za umeme. Kimbia nguzo mbili, tembea nguzo tatu. Wiki ikiwa ngumu, irudie. Wiki 9 zikiwa 15 hakuna atakayekudai. Na zile siku za katikati ambazo hukimbii zihesabu kuwa sehemu ya mazoezi, maana mfupa mpya unawekwa siku hizo, na usingizi wa kutosha ndio saa yake ya kazi.

Dada zangu niwaongezee moja. Anayekimbia sana huku anajinyima chakula ili apungue, siku zake za mwezi zinaweza kukatika, na zikikatika mifupa hupungukiwa nguvu na nyufa huja kirahisi. Siku zikikosekana bila mimba, msiifanye siri. Nendeni kwa daktari.

Kuhusu viatu sitasema sana, maana biashara ya viatu ina wasemaji wa kutosha. Raba ya mtumba ya soko la Karume au Gikomba inafaa, ila igeuze uangalie soli. Iliyolika upande mmoja imeshajifunza mguu wa mtu mwingine, iache. Ibonyeze katikati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kabisa, imekufa. Basi.

Maumivu ndiyo yanahitaji muda. Misuli ya vigimbi au mapaja ikiuma miguu yote miwili, siku moja au mbili baada ya mazoezi, hiyo ni kawaida, itapita. Lakini maumivu ya mguu mmoja, mahali unapoweza kupagusa kwa ncha ya kidole ukasema ni hapa, yanayozidi kadiri unavyokimbia, au yanayokusumbua hata umelala usiku, hayo si ya kuzoewa. Simama. Usichuliwe kwa nguvu juu ya mfupa wa ugoko, na usimeze dawa ya maumivu kama diklofenaki ili uweze kumalizia mbio. Hili la vidonge limekuwa desturi kwenye mbio zetu na linanitia hofu. Kidonge hakijengi mfupa. Kinazima taarifa tu. Na mwili uliopungukiwa maji kwenye joto la pwani, ukiongezewa dawa ya namna hiyo, figo ndizo zinazobeba gharama.

Hapo lazima nimtaje John Stephen Akhwari. Mexico City, Oktoba 1968, alianguka, goti likaumia, akaendelea na kumaliza marathoni akiwa wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza, saa moja na zaidi baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akiwa na bandeji mguuni na uwanja umeanza kuwa tupu. Namheshimu kama Mtanzania yeyote anavyomheshimu. Lakini kisa chake kimekuwa kikitumika vibaya. Akhwari aliumia kwa kuanguka, siku ya Olimpiki, amebeba jina la nchi. Wewe unayechechemea Jumanne asubuhi pale Daraja la Tanzanite hujabeba jina la nchi. Rudi nyumbani.

Na kurudi nyumbani si kulala kitandani mwezi mzima. Kule Umeå, Uswidi, palikuwa na daktari wa upasuaji, Håkan Alfredson, mkimbiaji, aliyeumwa na kano ya kisigino. Akamwomba mkubwa wake amfanyie upasuaji. Mkubwa akakataa, akisema kano haijaharibika kiasi hicho. Alfredson akaamua kuiharibu mwenyewe: akasimama ukingoni mwa ngazi kwa vidole, akawa anashusha kisigino taratibu chini ya usawa wa ngazi, tena na tena, licha ya maumivu, akingoja kano ikatike. Haikukatika. Ikapona! Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliofanya zoezi hilo kwa wiki 12, mara mbili kwa siku, na wote walirudi kukimbia. Mengi yameandikwa tangu hapo na si kila kano hupona hivyo, lakini zoezi lenyewe limebaki hospitalini duniani kote. Kano hupenda mzigo, mradi uongezeke polepole na uje mara kwa mara. Wewe usiye na maumivu, anza na miguu yote miwili: panda kwa vidole, shuka taratibu, mara 15, pumzika, rudia mara mbili tena. Ngazi za nyumbani hazina ada.

Kabla sijakuacha: kama una shinikizo la damu, kisukari, au kifua huwa kinabana ukipanda ngazi, daktari akuone kwanza, kabla ya nguzo ya kwanza ya umeme.

Na kwa ninyi mnaonunua namba za Kilimanjaro Marathon, kule Moshi kuna kilomita 42, kuna 21 na kuna 5. Kama leo hukimbii kabisa na zimebaki wiki nane, jiandikishe kilomita 5. Zile 42 ziwekee mwaka wa pili au wa tatu kuanzia sasa.